Maombi Juu ya Mashuka

"Neno moja tu! Simama, sema 'nimerudi', kaa. Utakufa ukisema?"

"Sijarudi popote. Sasa nitasemaje nimerudi?"

"Utarudi."

"Nani kakwambia?"

"Bibi yako kakuombea mpaka sauti ikamkauka. Wewe nani umshinde Mungu?"

"Basi si yuko naye huko? Amuulize yeye mwenyewe. Mimi niacheni."

Mama akaitupa brashi ya viatu sakafuni, ikaruka mpaka chini ya kitanda. Hakuna aliyeiokota. Kijana wake alikuwa anafunga vifungo vya shati huku anazunguka chumba, mlangoni, dirishani, mlangoni tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndiyo maana bibi alimwita Kiguu. Tangu ajue kutembea hakuwahi kukaa mahali chai ikapoa. Shule aliiacha katikati, na akiulizwa sababu alisema hana ugomvi na masomo, ugomvi wake ni dawati.

Bibi walishamzika. Leo ilikuwa ibada ya kumkumbuka, na mjomba, mzee wa kanisa, mtu wa kupanga mambo mpaka kikohozi, alikuwa ameshapanga. Yeye atasimulia maisha ya marehemu, kisha Kiguu atasimama mbele ya watu aseme amerudi kundini.

Kanisa zima lilijua uzito wa neno hilo. Kila wiki watu walipotaja mahitaji yao, bibi alisimama akaombea wagonjwa, wasafiri, wasio na kazi, halafu mwisho kabisa, "na mjukuu wangu arudi kanisani." Ilifika mahali akishataja wasio na kazi, benchi zima linamalizia pamoja naye. Watoto walikuwa wanaigiza wakicheza nje.

"Mama yangu hakuacha ombi lingine," mama alisema, sauti sasa imeshuka. "Yote alijibiwa. Limebaki hilo. Unataka watu waseme aliomba bure?"

Kiguu akatoka nje. Alitangulia kanisani, akafika, akalizunguka jengo, akaingia kwa kuchelewa.

Mjomba alikuwa keshasimama mbele, suti imembana kwapani. "Mama yetu," alianza, "aliingia nchi hii mikono mitupu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Hakuwahi kunung'unika. Hakuwahi kumuuliza Mungu kwa nini."

Mguu wa Kiguu ukaanza kutikisika chini ya benchi. Hakuwahi kunung'unika? Bibi yupi huyo?

Yeye na bibi walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hoteli. Mashuka yanatoka kwenye mashine ya kukaushia yamejikunja kama matumbo, mnayatandua, mnayakunja wawili wawili, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana tena. Bibi hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Alikuwa anaomba hapohapo, kwa sauti, mvuke umemjaa usoni.

"Bwana, nilikuomba magoti mapya. Umenipa ngazi mpya. Ndiyo tulivyokubaliana?" Hiyo ni wiki tajiri mwenye kiwanda alipohamishia meza za kukunjia ghorofani.

Kisha anavuta shuka, anaendelea. "Na huyu mkorofi aliyeshika upande wa pili, Bwana, unamwona. Masikio anayo. Moyo sijui kauweka wapi."

"Bibi, nakusikia."

"Siongei na wewe. Vuta vizuri, unanikunjia makunyanzi."

Wanawake wa kwenye pasi walikuwa wanazima pasi zao kwa muda ili wasikilize. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu anasengenywa kwa Mungu huku yupo.

Kiguu alimwambia ukweli mapema. Alimwambia, bibi, mimi nikikaa mle ndani sisikii kitu, naona watu wanalia na mimi nahesabu mbao za dari. Bibi akavuta ncha yake, wakalimaliza shuka lile. Mwisho akasema, "Walau hukunidanganya. Lete lingine." Na shuka lililofuata akamuombea upya, toka mwanzo.

Kule mbele mjomba alikuwa amefika kwenye chumba cha kwanza walichopanga, nyuma ya kanisa. Kiguu akasubiri. Hapo ndipo penyewe! Bibi alikuwa hajui lugha ya huku hata ya kuombea maji. Siku moja mchungaji wa wakati huo akatangaza kwamba wapangaji wa vyumba vya nyuma wote wahame, vinabomolewa. Watu kimya, wameshika vichwa. Bibi akainua mikono juu, akapaza sauti, "Amina!" Akaitikia peke yake, tena mara mbili. Wiki iliyofuata masufuria yake yako nje, anauliza kulikoni. Kuanzia hapo akawa haitikii dua mpaka atafsiriwe kila neno. Mchungaji anamaliza, anangoja, na mjomba, wakati huo kitoto tu, bado anamnong'oneza mama yake sikioni. Bibi mwenyewe akiisimulia alicheka mpaka anashika ukuta.

Mjomba akasema, "Hapo tuliishi kwa amani, tukahama." Akapita.

Kiguu akamtazama mama kule mbele. Mama hakuwa anamsikiliza kaka yake. Alikuwa ameshageuza shingo, anamtafuta yeye.

"Na sasa," mjomba akasema, akaufuta uso kwa leso, "mjukuu wake ana neno."

Benchi zikalia, watu wamejiweka sawa. Wengine leso mkononi kabisa. Kiguu akaenda mbele, na alipofika akaona hajui mikono aiweke wapi, akaitia mifukoni, akaitoa.

"Mjomba kaniambia niseme nimerudi," akasema. "Sijarudi."

Mtu akakohoa. Mjomba akamvuta shati kwa nyuma, taratibu, kama watu hawaoni.

"Niache, mjomba. Bibi alijua. Nilimwambia mwenyewe. Alikuwa ananiombea mbele yangu, ameshika shuka, na mimi nimeshika upande wa pili. Sikuitika hata siku moja. Na yeye hakuacha hata siku moja. Mwili unauma, nchi si yake, Mungu hamjibu, kesho yuko palepale anaomba, halafu anamgombeza, halafu anaomba tena. Mkisema leo kapata, mnamnyang'anya hilo. Huyo aliyesimuliwa hapa simjui. Mimi namjua huyo wa kwenye mashuka."

Akashuka, akapita katikati ya watu mpaka nje.

Alikuwa anazunguka bomba la uani mama alipomfuata. Ndani walikuwa wameanza kuimba, wimbo umeingia vibaya, kila mtu na kasi yake.

"Umeridhika?" mama akauliza.

"Mama, ningewadanganya watu wote wale?"

"Wale nani? Mimi wale wananihusu nini?" Mama akasogea. "Nilitaka kulisikia mimi. Mimi mwanawe. Mpaka siku namfumba macho alikuwa bado anakutaja wewe. Hakunitaja mimi niliyekuwa namgeuza ubavu. Alikutaja wewe."

Kiguu akafungua bomba, akalifunga. Hilo hakulijua.

"Basi liseme sasa," mama akasema. "Hapa hakuna mtu. Niambie mimi tu, hata kama ni uongo. Nitaubeba mwenyewe."

Likamjia. Lilifika mpaka kwenye ulimi, likakaa. Lilikuwa neno dogo, na uso wa mama ulikuwa karibu kiasi cha kuona poda ilivyokatwa na machozi. Angelisema, wangeenda nyumbani pamoja.

"Nitakuja na wewe kila wiki, mama. Nitakaa pembeni yako mpaka mwisho. Lakini hilo siwezi."

Mama akakaza kilemba chake kwa mikono miwili.

"Njia ya kanisani naijua mwenyewe," akasema. Akageuka, akaenda zake.