Kipimo Hakikuona

Tangu matroni augue korona, wasichana wa bweni la shule moja ya Msambweni walikuwa karantini, na muuguzi Subira ndiye aliyewachokonoa pua. Kila mmoja alimchukulia pamba mbili: moja ya kipimo cha haraka, kinachojibu papo hapo kwa mistari; nyingine ya kupelekwa maabara Mombasa, ambako majibu hujikokota yapendavyo.

Ndipo Issa, babake Twaiba, akafika langoni na kanzu yenye vumbi. Mamake Issa alikuwa amezikwa Kinondo, na Twaiba ndiye mjukuu aliyelelewa na marehemu.

"Mzee wangu hajatia kitu kinywani tangu mazishi," alisema. "Amtaka huyu mtoto tu. Na kifua chake si kizima, sista. Nitampelekea mtoto mgonjwa?"

Subira alikitazama kipimo cha haraka cha Twaiba. Mstari mmoja tu. Aliyajua mambo haya vizuri: kipimo hicho huviona virusi vikiwa tele, vikiwa vichache, hukipita. Maabara ndiyo huvifukua, na maabara ilikuwa bado kimya. Maneno ya haki yalikuwa "kipimo hakikuona". Lakini mfiwa amesimama mbele yako, macho mekundu, utaanza kumfumbia maneno? Ulimi ukashika njia ya mkato.

"Hana," alisema.

"Alhamdulillahi!"

Walipokwisha kupanda bodaboda, Subira alipiga hatua mbili kuwafuata. Alitaka kuwaita, kisha akajikemea aache uchuro. Huruma nayo ina ujinga wake, jamani.

Kesho yake maabara ilipiga simu. Twaiba alikuwa na virusi. Subira alimpigia Issa Kinondo papo hapo.

"Mtenge mtoto, baba! Babu yake asimkaribie!"

"Si ulisema hana?"

"Nilikosea. Kipimo hakikuona, mimi nikasema hana. Nisamehe."

Simu ilinyakuliwa, ikaja sauti nyembamba ya Twaiba, imejaa furaha.

"Shikamoo, sista! Babu amekula! Alikikataa kijiko, nikamlisha kwa mkono wangu. Tonge lake, tonge langu, mpaka sahani ikaisha. Sasa amelala, amenishika mkono hataki kuniachia."