Vitamini Si

Katika nyumba ya dada yangu, karibu kila kilichokuwa ndani ya chupa kiliitwa dawa. Kulikuwa na dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mende, dawa ya kusafishia choo, na ile aliyokuwa akijidondoshea jichoni asubuhi na jioni nayo ilikuwa dawa. Wala si yeye peke yake, sote ndivyo tunavyosema. Nimeshalifikiria neno hilo mpaka limenitia kinyaa.

Dada ni fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilichukuliwa na presha ya macho kabla hajajua kama anaumwa, kwa sababu presha ya macho haiumi. Hula kidogo kidogo kama mchwa, na siku unayogundua, mlango umeshaliwa. Likabaki la kulia. Daktari hakumficha: matone kila siku bila kukosa, ama na hilo litakwenda. Jicho hilo moja ndilo lililotunga uzi kwenye sindano, likafuata mstari wa chaki, likailisha nyumba. Dada alilitunza kama yai.

Mwanawe ni mmoja tu, binti, nasi tulimwita Bi Kioo kwa sababu kila kioo alichokutana nacho ilibidi asalimiane nacho. Ni mpokea wageni kwenye kliniki ya meno. Chunusi za kubalehe zilimtoka zikamwachia madoa mashavuni, na kazi ya kukaa mlangoni ukitazamwa kutwa nzima si ya mtu mwenye wasiwasi na uso wake. Ni msichana mwenye adabu na huruma. Sitaki mtu amfikirie vibaya kabla sijamaliza kumfikiria vibaya mimi mwenyewe.

Mimi ni mama yake mdogo, na uso wangu ndio uliokuwa sheria ya nyumba ile. Nikiwa na umri wake nilijipaka mkorogo mpaka ngozi ikachubuka, na ilipopona ikaniachia mabaka ambayo hata poda imeshindwa kuyafunika. Dada ndiye aliyeniuguza. Tangu hapo hakutaka kuona krimu wala losheni ya urembo chini ya paa lake.

"Ukitaka kujua vipodozi vinafanya nini, mtazame mama yako mdogo," alikuwa akimwambia binti, nami nimekaa palepale nakunywa chai yake.

Nilikuwa nacheka. Ukishaharibika uso, unajifunza kucheka mapema kabla ya wenzako.

Sasa, tuseme haki. Seramu ya vitamini C si mkorogo. Haichubui mtu. Inafifisha madoa taratibu, inataka uvumilivu, na ina masharti kama mkwe: uso uoshwe, ukauke, yapakwe matone machache, ifuate krimu ya kulainisha, kisha ya kuzuia jua. Haipendi mwanga wala joto, ndiyo maana wengi huiweka kwenye friji. Bi Kioo aliyasoma yote hayo kwenye simu akayafuata kama sala. Alipoinunua akabandua karatasi yenye picha ya chungwa na mwanamke anayecheka, ili mama yake asiulize, akaisimamisha kwenye mlango wa friji. Ikabaki chupa ndogo nyeusi ya kioo, yenye kifuniko cha kudondoshea.

Kwenye mlango huohuo wa friji ndipo ilipokaa dawa ya macho.

Siku aliyonunua seramu alikuwa ametumwa. Dawa ya dada ilikuwa inakaribia kwisha, na binti alikwenda kwenye dirisha la dawa la hospitali wakati wa mapumziko ya mchana. Wakamwambia imekwisha, arudi wiki ijayo. Njiani kurudi kazini akapita dukani. Jioni alifika nyumbani akiwa na chupa moja, na haikuwa ya mama yake.

Alikusudia kumwambia mama yake kwamba dawa haikupatikana. Amenieleza mara nyingi kwamba alikusudia, nami namwamini. Lakini alianza kwa kuoga. Dada akafungua friji kutafuta maziwa, mkono ukagusa chupa mpya. Hakushangaa umbo lake, hospitali hubadilisha chupa kila mara, leo ya plastiki, kesho ya kioo. Akaita kupitia mlango wa bafu.

"Mwanangu, hii dawa ya kwenye friji ni ya macho?"

Binti alikuwa na povu usoni na roho mkononi. Alidhani amekamatwa. Uongo wake alishauandaa, kwamba ni dawa ya macho yake mwenyewe, tena aliuona ni nusu ukweli, maana hata weusi wa chini ya macho alitaka kuuondoa kwa seramu ileile.

"Ee, mama. Ni dawa ya macho."

"Ahsante, mama yangu. Mungu akuzidishie."

Alishukuriwa, naye hakujiuliza anashukuriwa kwa nini. Anasema maji yalikuwa yakimwagika, hakusikia vizuri. Pengine. Wiki iliyofuata mama hakumuuliza habari za dawa, naye akachukulia kwamba ile ya zamani ingali inatosha. Mama naye angeuliza nini, na dawa anayo? Kila mmoja alinyamaza kwa sababu mwenzake amenyamaza, na nyumba ikaendelea kwa amani.

Basi wakawa wanatumia chupa moja. Asubuhi mama anadondosha jichoni, anafumba, anaing'ata kanga yake. Binti naye anaoga, anakausha uso, anapaka mashavuni, anakimbilia kazini. Ilipoisha akanunua nyingine, huku akijilaumu kwamba anapaka nyingi mno. Madoa yakaanza kufifia. Pale kliniki wakamuuliza anatumia nini.

Jicho la dada likawa jekundu. Binti aliliona, akamwambia apumzike, ashone kidogo. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zimejaa mpaka juu ya kiti. Dada alisema ni uchovu. Na dawa mpya ni kali, alisema, inachoma kweli, lakini inayochoma ndiyo inayofanya kazi. Maneno hayohayo niliyasema mimi zamani, mkorogo ukinila mashavu. Tuna imani kubwa na maumivu sisi.

Nilikwenda kumtembelea siku ambayo binti alikuwa hayuko kazini. Nilimkuta dada kwenye cherehani karibu na dirisha, sketi ya shule mbele yake, mshono umekwenda upande. Dada yangu hajawahi kupindisha mshono. Nilidhani amemwachia mtu anayejifunza kushona.

"Nani kashona hii?"

"Mimi. Mbona, ina nini?"

Nikaupitishia kidole mshono ule. Akaomba nimletee dawa kwenye friji, wakati wake umefika. Niliichukua sikuitazama, nikampa. Akalaza kichwa nyuma, akadondosha, akakunja uso mzima, akafuta kilichomwagika kwa kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka pajani. Kwenye kitambaa palibaki doa la rangi ya chai ya rangi.

Mimi ngozi nimeiharibu, lakini vipodozi navijua. Dawa yake ya macho ilikuwa maji matupu kwa rangi. Na najua ni kitu gani hukaa kwenye chupa nyeusi, kikizeeka kikageuka kahawia. Nikainusa. Nikamwita binti kutoka chumbani, na naona sauti yangu ilimwambia kila kitu, kwa sababu alitoka anatembea polepole.

"Hii ni nini?"

Aliitazama chupa, akamtazama mama yake aliyekuwa bado amefumba jicho, akaielewa nyumba nzima kwa mara moja.

"Seramu," alisema. "Ya vitamini si."

"Si nini?" dada aliuliza.

Alikuwa akingoja neno limalizike. Fundi wa watu hakuwahi kusikia vitamini yenye jina la herufi ya kizungu, alisikia sentensi iliyokatika katikati. Binti alishika ukingo wa mlango.

"Si nini, mwanangu? Malizia."

Nikaimalizia mimi.

"Si dawa ya macho, dada."

Hospitalini walimwosha jicho kwa maji mengi. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kama angegomba. Alisema asidi ya seramu imekwaruza juu ya jicho, na hilo lingepona. Tatizo lilikuwa ile dawa ambayo hakuitumia muda wote huo. Presha ilikuwa imepanda bila kizuizi, ikaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Wangeishusha presha, na waliishusha kweli. Dada alibaki anajua dirisha liko wapi. Anaona mwanga wake, basi.

Binti alijitupa sakafuni pale pale wodini. Alilia mpaka wauguzi wakaja. Mimi sikumwinua. Naomba nieleweke: nampenda kama wa kunizaa, na siku ile nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa vile hata akilia alikuwa mzuri. Nilitamani uso ule utoke mabaka kama wangu, ili angalau kitu fulani kilingane na kingine. Wazo hilo halikupita haraka.

Aliporudi nyumbani, dada aliuza cherehani. Binti aliacha kujipaka kila kitu, hata mafuta. Alimwogesha mama yake, akamlisha, akampeleka chooni, na muda wote huo alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Dada hakumtamkia neno baya. Hakumtamkia neno lolote la maana, kwa kweli. Aliomba maji, alishukuru, alilala.

Mpaka alasiri moja, mimi nikiwa pale, binti akimfunga vifungo vya gauni, dada akainua mikono akamshika uso.

Alimpapasa kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata, kwa dole gumba, kutoka pua kwenda sikioni, akirudia. Dada alitafuta yale madoa mahali alipoyakumbuka, shavu hili, kisha lile, na kidevuni.

"Ni laini," alisema. "Yametoka?"

Machozi ya binti yalikuwa yanapita katikati ya vidole vya mama yake.

Basi dada akageuza uso upande wangu, akakosea kidogo, akawa anaongea na kabati.

"Hebu niambie wewe, mdogo wangu. Huyu atanidanganya. Anang'aa?"

Nilimtazama binti. Mwanga wa dirishani ulikuwa umempiga usoni, na palikuwa hapana doa hata moja.

"Anang'aa, dada," nikasema.

"Ningependa kumwona," akasema, na mikono hakuitoa.