Rangi ya Jua Chini ya Msasa

Karakana ile ilikuwa ya watu wawili, mume na mke, na kazi waliigawana tangu ujana wao. Mume alichonga magitaa, mke akapaka rangi. Watu walimwita Mama Jua kwa sababu ya ile rangi yake: katikati ya gitaa manjano ya asali, ikienda ikikolea wekundu, hadi ukingoni nyeusi tii. Pale rangi mbili zilipokutana alisugua kwa kitambaa chenye spiriti, hata usijue moja imeishia wapi. Mumewe aliwatania wateja kwamba yeye huchonga sanduku tu. Anayelifanya liringe ni mkewe.

Kisha maradhi ya kusahau yakamnyemelea mume. Alianza kusahau wateja, halafu njia ya nyumbani. Mikono pekee haikusahau. Asubuhi moja Mama Jua alirudi kutoka dukani akamkuta benchini, anapiga msasa gitaa la mteja ambalo rangi yake ndiyo kwanza imekauka. Jua lote limegeuka vumbi magotini pake. Naye anaimba chinichini, ana furaha ambayo mkewe hakuiona kwa muda mrefu.

Mkewe alitaka kufoka, lakini akachukua ufagio, akafagia vumbi. Mteja alipewa gitaa jingine, la mwisho kati ya yale aliyochonga mume zamani. Lile lililokwanguliwa likabaki la mume. Mama Jua akawa anapaka, likikauka mumewe anakwangua, naye anapaka tena. Binti yao alikuja kuwatazama, akasema mama anatwanga maji kwenye kinu. Mama akamjibu kwamba kinu ni chake, na maji ni yake.

Lakini ubao nao una mwisho. Ulizidi kuwa mwembamba, hata siku moja msasa ukatoboa. Mzee aliingiza kidole katika tundu lile, akainua macho.

"Samahani, dada," alisema, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni. "Gitaa hili limeharibika. Mke wangu akiliona ataumia. Yeye ndiye hupaka rangi."

Mama Jua alishika ukingo wa benchi. "Yuko wapi mkeo?"

"Sijui. Siku hizi haji. Nadhani nilimkosea."

"Hukumkosea kitu."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Anakupenda mno."

"Basi ukimwona tena, mwambie arudi. Mimi sina ugomvi naye."

Akaahidi kumwambia. Alimnawisha mikono, vumbi jekundu likatiririka kati ya vidole vyao, naye akashukuru kama anayeshukuru muuguzi.

Gitaa jingine la kumpa halikuwepo. Kesho yake Mama Jua alitafuta kipande cha ubao, akakipaka asali, wekundu, na weusi pembeni, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Kilipokauka akampelekea. Mzee alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamwuliza kama yeye ndiye fundi mpya wa rangi. Akasema ndiye.

"Una mkono mzuri," mzee alimwambia kwa upole. "Usivunjike moyo, lakini mke wangu bado hujamfikia."

Mama Jua akakubali kwamba bado. Kisha akaenda nyuma ya rundo la mbao, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha rangi, akalia, huku benchini msasa ukianza kukwaruza.