Mama Yangu Hana Firigisi

Mimi ni msimamizi wa jiko la hospitali. Nina diploma ya lishe, imo kwenye fremu ukutani sebuleni, na kwa wiki sita nilimshindisha mama yangu mzazi na njaa, mara tatu kwa siku, kwa ratiba.

Jumamosi ya wiki ya sita mizani ya nyumbani ilisoma kilo thelathini na tisa na nusu. Daktari alikuwa ameshatuonya: siku ya kliniki akifika chini ya arobaini, analazwa na kulishwa kwa mrija wa puani. Zilibaki siku kumi na tatu. Mama alishuka kwenye mizani, akavaa kandambili zake, akasema, "Mizani yako imechoka."

"Haijachoka. Wewe ndiye umepungua. Chakula unamaliza kweli?"

"Si unaona bakuli?"

Niliona. Lilikuwa limekombwa, linang'aa. Kila siku lilikuwa hivyo, nami nilikuwa najipongeza.

Niseme ndani ya bakuli kulikuwa na nini. Jikoni kwetu kazini chakula cha wagonjwa kina ngazi nne: cha kawaida, laini, rojo na cha mrija. Mama alikuwa wa kawaida mpaka siku alipokabwa na kipande cha nyama mezani kwangu. Nilimpiga mgongoni, kikatoka, kikaruka, kikatua ndani ya glasi ya binti yangu. Binti alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona midomo ya mama yangu ikigeuka rangi. Kesho yake nikamshusha ngazi mbili bila kumuuliza. Nyama, viazi, karoti, maharage, vyote niliingiza kwenye blenda, vikatoka kitu kimoja chenye rangi ya saruji mbichi.

"Hii ni nini?" aliuliza siku ile ya kwanza.

"Nyama na viazi."

"Nyama ni ipi?"

"Imo, Mama. Kula."

Nilimpeleka hospitali pia, nisionekane mzembe. Daktari alimkagua koo, akampa maji anywe, akampa biskuti atafune, akaniandikia karatasi. Niliikunja nikaitia mkobani. Ya kusoma ilikuwa ya nini? Mambo ya chakula angenifundisha nani?

Basi Jumapili jioni, siku moja baada ya ile mizani, nilikuwa naanua nguo. Jirani yetu mshonaji, anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake, akaja mpaka kwenye uzio, uso umejaa furaha.

"Jirani, asante sana! Kuku wangu wamenona. Mwone yule pale, hata kukimbia hawezi."

"Mimi nimefanyaje?"

"Si kile chakula unachompa bibi atuletee? Mayai yananishinda kuokota. Unakinunua wapi? Nimeuliza maduka yote ya mifugo, hawakijui."

Niliingia ndani na nguo zikiwa bado begani. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage, na binti yangu kando yake anaandika kazi za shule.

"Mama, kuku ndio wanakula chakula chako?"

"Wanakipenda," alijibu bila kuinua macho. "Hasa cha mchana."

Mtu mwenye akili angekaa chini akauliza. Mimi niliamua kufundisha. Mwaka wa pili chuoni walitufundisha kuhusu tumbo kwa mfuko wa plastiki, kwa hiyo nikachukua mfuko, nikatia kiazi kizima cha kuchemsha na kikombe cha maji, nikaufunga fundo.

"Tazama, Mama. Hili ni tumbo lako. Tumbo ni misuli mitupu. Chakula kikishuka, linaminya huku, linaminya kule, linakipondaponda mpaka kiwe uji, ndipo kiende kwenye utumbo. Kikifika kimesagwa, kazi nyepesi. Kikifika kizima, ona taabu yake."

Nikaminya. Kiazi kilikuwa kimeiva vizuri, nimekipika mwenyewe. Kabla sijamaliza sentensi kilikuwa kimekwisha kabisa.

"Taabu iko wapi?" Mama aliuliza.

"Hiki kiliiva sana."

"Mama, jaribu karoti mbichi," binti yangu alisema, na ningepaswa kumshuku kwa jinsi alivyosogeza daftari lake mbali.

Nilitia karoti. Niliminya, haikuvunjika. Hapo sasa nilikuwa na somo langu, nikaminya kwa hasira zote za wiki sita, na mfuko ukapasuka. Maji ya viazi yalinilowesha kuanzia kifuani hadi magotini.

"Bibi, pole," binti alisema. "Tumbo lako limepasuka."

Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya ile nyama. Alipomaliza kujifuta machozi, akaiokota karoti sakafuni.

"Hii, kabla ya kufika tumboni, ilipita wapi?"

"Mdomoni."

"Ikafanywa nini huko?"

Niliinama kuokota vipande vya mfuko.

"Mfuko wako hauna meno, mwanangu. Kuku pia hana meno, lakini ana firigisi. Anameza vijiwe, anasagia humo humo, ndiyo maana hata saruji yako ile ya rangi ya ukuta haimkeri. Mimi firigisi sina. Nina meno ishirini na matatu, na wewe umeyaachisha kazi yote siku moja. Kitu kisichotafunwa mimi sikijui kama ni chakula. Kinanipita tu, naona kichefuchefu."

"Ulikabwa, Mama."

"Nilikabwa kwa nini?"

"Nyama ilikuwa kubwa."

"Nyama ilikuwa ya kawaida. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu, mkoba begani, funguo mkononi. 'Mama, malizia, nachelewa zamu.' Nikaimeza hivyo hivyo ili usichelewe."

Nilitaka kubisha. Nina kipaji cha kubisha. Lakini nilizikumbuka funguo; nilikuwa nazichezesha vidoleni. Na nilikumbuka jambo lingine ambalo Mama hakulisema: baada ya kumpiga mgongo na kumpa maji, nilikwenda kazini, na nilifika kwa wakati.

Siku iliyofuata nilirudi nyumbani mchana, nikapakua viazi vya vipande, karoti ya kuchemsha na kuku aliyechambuliwa mifupa, nikakaa mbele yake. Kukaa tu kulinitesa. Mimi hula kwa dakika nne kama mtu anayefukuzwa. Nilimaliza sahani yangu wakati yeye bado anachagua pa kuanzia. Alitia kipande kimoja mdomoni. Magego yakaanza kazi, ulimi ukakigeuza, shavu likakirudisha, mate yakakilainisha. Kisha koo likapanda, likashuka, na nikajua misuli ya umio inakisukuma chini kidogo kidogo. Hayo yote niliyajibia mtihani nikapata alama themanini na moja. Sikuwahi kukaa nikamtazama mtu akiyafanya.

"Thelathini na moja," nilijikuta nasema.

"Usinihesabu."

Nikakalia mikono yangu.

Simu ikalia. Mpishi wangu alitaka kujua niko wapi, jiko zima linaningoja. "Tunatafuna," nikamjibu, nikakata.

Jirani alipojua kwamba chakula hakitakuja tena alihuzunika kwanza, kisha akaleta yule kuku asiyeweza kukimbia. "Mchukueni. Nyumbani kwake ni kwenu." Nilimpika kwa moto mdogo, na firigisi nikaikata nyembamba kama karatasi kwa sababu bado nina hofu zangu. Mama aliitafuna mpaka saa nane kasoro. Nilichelewa zamu kwa mara ya nne wiki hiyo. Jiko, kwa taarifa yenu, halikuungua.

Siku ya kliniki alivua kandambili, akavua khanga ya begani, akapanda mizani. Sindano ilitikisika, nami nikashika ukuta. Kilo arobaini na robo tatu.

"Safi," daktari alisema. "Mrija hatuuhitaji. Naona mlifuata ile karatasi yangu."

"Tuliifuata," nilisema.

"Hakuisoma, daktari," Mama alisema. "Ana diploma."

Daktari alijifanya anatafuta kalamu. Nilifungua mkoba palepale. Karatasi ilikuwa chini kabisa, imeshikana na pipi iliyoyeyuka. Niliikunjua: *Koo zima. Apewe chakula cha kawaida.* Nikaanza kuikunja tena.

"Isome yote," Mama alisema. "Polepole."

Mstari wa mwisho ulikuwa chini ya ile pipi, nikaubandua kwa ukucha. *Asiharakishwe.*