Ukurasa wa Nne wa Kapteni Lazarus

Kapteni Lazarus, mwanajeshi mstaafu, alifariki Mei 2016, na familia yake ikaleta programu ya mazishi kwenye duka langu la kuchapisha hapa Eldoret. Hawakunijua. Mume wangu, Omollo, aliuawa na vijana wa Kapteni Januari 2008, karibu na Chepsaita, asubuhi ambayo nyumba zetu thelathini na mbili ziliteketezwa.

Wasifu walioleta ulisema: “Matokeo ya kura yalipotangazwa, Kapteni alishikwa na uchungu, akaongoza vijana kulinda ardhi.”

Sentensi hiyo haikuwa sahihi. Nilikuwa nimemchunguza mtu huyo kwa miaka minane. Wenzangu tuliofukuzwa nao humwita mnyama. Hilo pia si sahihi. Hakunywa pombe. Alimchapa hadharani kijana wake mmoja kwa kuiba redio. Baada ya kutufukuza alilitawala shamba letu kama kambi: nani alime wapi, nani apite kwenye kizuizi cha barabara, kesi gani isikilizwe Jumatatu. Mwenye uchungu hafanyi kazi safi namna hiyo.

Ushahidi nilikuwa nao. Mwaka 2007 nilikuwa mchoraji katika ofisi ya mpima ardhi. Tarehe 14 Novemba, wiki sita kabla ya kura, Kapteni aliagiza ramani ya kugawa shamba viwanja thelathini na viwili, kila kiwanja na jina la atakayepewa. Karatasi zilikuwa na nambari ya shamba tu. Niliichora kwa rula na kalamu nyembamba, wala sikuuliza ni wapi. Mwajiri wangu aliniletea nakala kwenye hema la wakimbizi, akilia. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya kiwanja cha saba.

Sasa nilitaka jambo moja: watu wake wakiri hadharani kwamba alipanga mapema.

Nikafuta sentensi yao. Ukurasa wa nne nikaandika: “Tarehe 14 Novemba 2007 Kapteni aliagiza shamba ligawanywe. Januari aliwaondoa waliokuwa wakiishi humo. Waliopewa viwanja ni hawa.” Chini yake nikaweka majina yote thelathini na mawili. Herufi zilikuwa za ukubwa uleule.

Desturi ya kazi yetu ni kwamba familia hukagua nakala ya kwanza na kutia sahihi kila ukurasa. Lakini husoma ukurasa mmoja tu, ule wa wake, watoto na wajukuu. Walikuja Hellen, binti wa mke wa kwanza, na Mzee Isaiah, ndugu wa marehemu.

“Mzee, ona! Mama mdogo amewekwa mbele ya mama yetu.”

“Si ni alfabeti, Hellen.”

“Alfabeti ndiyo ilimzalia baba watoto tisa?”

Nikabadilisha.

“Na wajukuu ni ishirini na watatu,” Isaiah akaniambia. “Yule aliyezaliwa kule Ziwa ukimwacha, mamake atatuaibisha mbele ya mwili.”

Nikaongeza. Kisha nikasema, “Someni kurasa zote. Mkishatia sahihi, sibadilishi.”

“Hizo zingine ni mambo ya shule na jeshi. Mimi ndiye nitasoma siku hiyo, mama. Utanifundisha habari za ndugu yangu?”

Akatia sahihi ukurasa wa nne huku akimwangalia Hellen. Nikachapisha nakala mia sita.

Siku ya mazishi nilisimama karibu na ua. Isaiah alisoma kwa sauti kubwa, haraka, kama mtu anayejua kilichoandikwa. Alipita Novemba bila kupunguza mwendo. Akapita Januari. Aliposoma kiwanja cha kwanza, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinua kichwa. Kiwanja cha pili, cha tatu, cha nne. Karatasi zilianza kufunuliwa chini ya hema lote.

Kiwanja cha tano kilikuwa na jina la Isaiah mwenyewe. Akaacha kusoma.

Hellen alisimama na nakala yake mkononi. “Mzee, hii ni kweli? Novemba? Mlituambia ni hasira ya kura.”

“Keti, Hellen.”

“Ulijua?”

“Mbona unaniuliza mimi peke yangu?” Isaiah alifoka, akiwaonyesha wazee wa mbele kwa kidole. “Hawa wote walijua. Tulikaa kikao!”

Alisahau kwamba alikuwa bado ameshika maikrofoni. Hema lote lilisikia. Nilitazama saa, nikaandika dakika na maneno yake, na majina ya waliokuwa wameketi mstari ule.