Sahani ya Hamza

Miaka kumi na tisa nakaanga perege hapa Mazimbu, na sijawahi kumpa mtu samaki mbichi. Sasa jamani, barua ya posa ya binti yangu Hafidha ikaletwa na nani? Na Hamza, kijana anayetengeneza sushi hotelini! Yaani samaki hauoni moto kabisa: anakatwa, analazwa juu ya wali, analiwa. Astaghfirullah! Hata paka wangu humngoja atoke kikaangoni.

Kaka zangu wakaniachia mimi neno la mwisho. Barua ikakaa miezi mitatu bila jibu, Hafidha akakonda. Mwishowe Hamza akaomba aje nionje kazi yake, halafu niseme ndiyo au hapana. Nikamruhusu, hapana yangu ikiwa mdomoni tayari.

Jumapili akaja, shati limenyooka. Akafunua sahani mbele yangu na shoga yangu Mwanaasha. Lahaula! Vipande vyekundu, vimelowa, vinang'aa. Nikavuta kiti nyuma kidogo.

"Karibu, mama," akasema kwa adabu.

Mwanaasha akatia kimoja mdomoni, akatafuna, macho yakamtoka. "Mtamu!" Muongo mkubwa yule.

Wote wakanigeukia. Hafidha amefumba macho, anaomba dua. Nikila nitatapika mbele ya mgeni, aibu. Nikikataa chakula chake bila sababu, aibu zaidi. Jasho likanitoka. Ndipo nikaikumbuka mila yetu, nikafurahi mno!

"Mimi siwezi kula," nikasema kwa sauti, nimejitanua kitini. "Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake!"

Papo hapo Mwanaasha akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. "Kasema! Kamwita mkwe kwa kinywa chake mwenyewe!"

Mungu wangu, nimefanya nini? Hafidha kanirukia shingoni, analia na kucheka. Hamza kapiga magoti. "Shikamoo, mama mkwe."

Ningeweza kuyafuta maneno yangu. Lakini nikishayafuta, mimi si mama mkwe tena, na itabidi nile. Nikaitazama sahani. Nikamtazama mwanangu, sijamwona akicheka hivyo tangu barua ilipokuja. Moyo ukanidunda kwa furaha ambayo sikuitegemea.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Ila siku ya harusi, samaki nakaanga mimi."