Miaka Saba ya Eliya

Mwaka ule wa tisini na tano nilimwogopa kaka yangu Eliya kuliko kitu chochote pale Ilongero, na Eliya hajawahi kuninyanyulia hata kijiti.

Eliya alikuwa na digrii. Mama aliitunza kwenye sanduku la bati, ameiviringisha ndani ya kanga, na siku ilipofika nyumbani alichinja dume, majirani wakala mpaka mbwa wakashiba. Wakati Eliya anaingia chuo, mtu akihitimu alipangiwa kazi na serikali, akabeba begi lake akaenda. Alipotoka, serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri. Wakasema mambo sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Akajitafutia kweli, mjini Singida, Dodoma, hata Mwanza, mpaka soli za viatu zikaisha. Kisha akaacha. Akawa anakaa kibarazani na shati lililopigwa pasi, hana pa kwenda, na akisikia hatua za mtu njiani anainuka na kuingia ndani.

Hapo anapoinuka ndipo nilipomwogopa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kwa masomo yaleyale aliyosoma yeye, nimefaulu kama alivyofaulu yeye, na barua ya chuo kilekile ilikuwa imefika, inanitaka Dar es Salaam mwisho wa Septemba. Nikimtazama anavyojificha, nilijiona mimi mwenyewe nimevaa gauni lililopigwa pasi, najificha pamoja naye. Kibaraza chenyewe kilikuwa kidogo, sijui tungekaaje.

Kabla ya barua hiyo, mimi na Eliya tulikuwa tumeomba kazi Shelui, kwenye kiwanda kipya cha mtu binafsi cha kukamua alizeti. Walitaka karani mmoja wa mizani, aliyemaliza kidato cha sita. Eliya aliambatanisha cheti chake cha kidato cha sita cha mwaka themanini na nane, akaishia hapo. Digrii hakuitaja. Alikuwa amekwisha kukataliwa mara tatu na watu waliomwambia amesoma mno, watamzoea halafu awakimbie.

"Nikipata mimi," aliniambia, "wewe nenda chuo roho yako imetulia. Mimi nitamuoa Martina. Ukipata wewe..." Martina alikuwa mchumba wake. Kwao walikuwa wamepokea mbuzi wawili wa kwanza, na walikuwa wanangoja Eliya apate kazi ndipo wataje siku ya harusi.

Na mimi nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: niliitaka ile kazi. Niliitaka kwa hofu tupu. Mtu mwenye mizani mbele yake na foleni ya magunia hana haja ya kujificha.

Tulikwenda Shelui juu ya lori la vitunguu. Kwenye mteremko wa Sekenke nilifumba macho, nikamwomba Mungu breki zishike, na hapohapo nikaomba kazi, nikaona haya kuchanganya maombi. Huko juu tulikubaliana neno moja. Eliya akiulizwa alikuwa wapi miaka saba, aseme alikuwa anachunga ng'ombe wa marehemu baba. Nikiulizwa mimi, niseme hivyohivyo.

Meneja aliitwa Obadia, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na ofisi yake ilinuka mashudu. Alianza kumwita Eliya. Wakakaa humo hata nikaanza kuhesabu misumari ya mlango. Eliya alipotoka alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijayaona meno yake tangu mwaka juzi.

"Ananitaka," akaninong'oneza. "Ameniagizia hadi chai."

Nikaingia. Kikombe alichonywea kilikuwa bado mezani. Obadia aliitikia shikamoo yangu, akaweka karatasi zetu mbili sambamba.

"Huyo aliyetoka ni ndugu yako?"

"Ni kaka yangu, mzee. Tumbo moja."

"Kijana safi. Hesabu anazijua kunishinda. Lakini ananidanganya." Akaegemea kiti. "Anasema alikuwa anachunga. Mimi nimechunga, binti, mpaka nikapata jino bovu kwa kupiga mluzi. Mchungaji hana mikono laini namna ile. Alikuwa wapi? Jela?"

"Hapana, mzee!"

"Basi chuo. Maana mwaka jana niliajiri msomi mmoja hapa. Wiki ya tatu akaniachia mizani na magari yamepanga foleni, kaenda zake Mwanza. Msomi simtaki tena hata kwa dawa. Sema, nisikuchoshe. Alikuwa wapi?"

Nikisema chuo, Eliya amekwisha. Nikisema kuchunga, tumedanganya wote wawili na wote tunarudi na vumbi letu.

"Alikuwa anaumwa," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nawaza mgongo, malaria, chochote cha kumpitisha. Lakini ule haukuwa wakati wa kusema kijana mwembamba, asiye na mke, ameumwa miaka mingi, halafu ukaachia hapo. Wakati ule ugonjwa wa kuumwa namna hiyo ulikuwa mmoja. Ukimwi hatukuutaja kwa jina. Tulisema fulani anaumwa, na aliyesikia alishusha sauti.

Obadia naye alishusha sauti. "Pole sana," akasema, na alimaanisha. Akachukua kalamu, na kwa ncha ya kalamu akakisogeza kile kikombe mpaka ukingoni mwa meza. Kisha akamwita mfagiaji na kumwambia akakitupe. Hakusema akakioshe.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na muda wote ule mfagiaji alipokuwa akikishika kikombe kwa gazeti na kutoka nacho.

"Wewe utaanza Jumatatu ijayo," Obadia akasema. "Gari letu la kununulia alizeti litakupitia Ilongero. Kaka yako tutamwandikia."

Nikasema ahsante, mzee. Mpaka leo ukiniuliza kama nilisema vile kumwokoa Eliya au kumpita, sitakujibu, kwa sababu jibu lenyewe naliogopa.

Maneno yalitutangulia nyumbani. Yaliletwa na gari hilohilo la alizeti, siku ya Alhamisi, na Simoni, mnunuzi wa kiwanda, ambaye alishuka na mizani yake, akanong'ona na wabebaji, na kabla gunia la kumi halijapimwa Ilongero nzima ilikuwa inajua. Jioni ile tukaanza kupata wageni. Mama alidhani wamekuja kunipongeza mimi kwa kazi, akabandika chai. Wao wakanipita, wakaenda kibarazani kwa Eliya. Walimpa mkono kwa ncha za vidole, wakamtazama shingo, wakamwita mwanangu. Chai hawakunywa.

Jirani yetu Esta, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kupita pale bila kucheka, ndiye aliyemvuta mama pembeni. "Utusamehe, Marietha," alimwambia. "Tulikuwa tunasema vibaya bure. Kumbe ndiyo maana hakuajiriwa."

Mama alirudi jikoni akakaa chini kwenye majivu. Aliniuliza kwa Kinyaturu kama najua lolote. Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, jambo lililonitisha zaidi.

Jumamosi kaka zake Martina walikuja na wale mbuzi wawili. Waliwafunga kwenye ua wetu wakaondoka bila hodi wala salamu.

Kuanzia hapo sikula. Nilimfuata Eliya kila aendako, akienda zizini nipo, akienda kisimani nipo, kwa sababu niliogopa atajidhuru na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Mwishowe, hiyohiyo Jumamosi, nilimkuta amesimama anawatazama wale mbuzi, nikashindwa.

"Kaka, ni mimi. Ni mimi niliyemwambia Obadia."

"Najua," akasema. "Nilikiona kikombe kinapita mlangoni."

Nilitaka ardhi inimeze. "Sasa mbona hukusema? Kesho nitamfuata mtu mmoja mmoja, nitawaambia nilidanganya. Nitakwenda hadi kwa kina Martina."

"Usiende." Hakupandisha sauti. "Loyce, tangu Alhamisi hakuna mtu aliyeniuliza habari ya kazi. Hata mmoja. Wanapita, wananisalimia, wanasema pole. Nimekaa kibarazani siku mbili sijaingia ndani. Hukuona?"

"Na Martina?"

"Martina alikuwa anangoja nipate kazi. Sasa amepumzika kungoja, na mimi nimepumzika kungojwa. Waache."

Aliyasema hayo ametulia kama mtu aliyeshiba. Muda wote nilimwogopa Eliya kwa sababu hakuwa na kazi. Sikujua mtu anaweza kufika mahali akaona ni heri watu wamhesabu wa kufa kuliko wamhesabu hana kazi. Nikawaza, kama huko ndiko digrii inakompeleka mtu, basi Jumatatu napanda gari la Shelui na barua ya chuo naiwashia moto. Na nikawaza pia, nikipanda gari lile, nitapima alizeti miaka yote huku kaka yangu amekaa kibarazani anaumwa ugonjwa niliomwambukiza kwa mdomo.

Jumapili baada ya kanisa walikuja wengi. Waliketi uani kwetu kwa ajili ya sala, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima, na Esta alikuwa ameleta mayai sita kwenye bakuli, chakula cha mgonjwa. Eliya aliwekwa katikati. Mama alikaa mlangoni, ameinamisha kichwa. Simoni naye akatokea, kofia mkononi.

"Dada, kesho gari linaondoka alfajiri," akaniambia. "Mzee Obadia anasema usichelewe. Na anasema kaka asije kukusindikiza, apumzike tu nyumbani."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mwinjilisti akafungua kitabu chake. Nikaona kwamba wakisali tu imekwisha, kwa sababu nani atasimama baada ya sala kusema Mungu aliombwa bure? Nikasimama.

"Kaka yangu haumwi," nikasema.

Mwinjilisti aliniambia kwa upole nikae, imani ni jambo jema.

"Sisemi habari ya imani! Haumwi. Hajawahi kuumwa. Nilidanganya ili tupate kazi." Sauti ilikuwa inapanda, siwezi kuishusha. "Miaka saba mnayoijua wote. Mwaka mmoja alikuwa jeshini, minne alikuwa chuo, miwili alikuwa hapo kibarazani mnamwona. Simoni, kamwambie Mzee Obadia kaka yangu ana digrii na aliificha, na mimi nikadanganya juu yake."

Simoni aliigeuza kofia yake. "Dada, nikiyafikisha hayo, kazi huna."

"Yafikishe."

"Basi hata usiamke alfajiri," akasema, akaondoka.

Nikasikia mbuzi wanatafuna. Mama alikuwa ameinua kichwa, amefunika mdomo kwa mkono, sikujua kama analia au anashukuru. Nilidhani watu watafurahi. Mtu ameambiwa jirani yake hafi, si hufurahi?

Esta ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ni mzima?"

"Mzima kabisa, mama."

"Wala hana kifua?"

"Hana."

Akamgeukia Eliya, akamkagua toka miguuni hadi kichwani. "Sasa kama ni mzima," akauliza, "kwa nini yuko nyumbani?"

Kijana mmoja huko nyuma akacheka kwa pua, mwingine akapokea, na haikuchukua muda viti vya kuazima vikaanza kukunjwa. Waliaga haraka, wanatazamana. Esta alifika getini, akasita, akarudi, akachukua bakuli lake la mayai, akasema kuku wake siku hizi hawatagi vizuri.

Tukabaki watatu. Nilisimama palepale nikingoja Eliya anipige, maana safari hii nilistahili. Hakunipiga. Hakuinuka hata kuingia ndani. Alikuwa ameketi katikati ya ua uliojaa alama za miguu ya watu, uso umemvimba kwa aibu, anapumua kama aliyekimbia.

"Umenirudisha," akasema.

"Nisamehe, kaka."

"Shelui ndiyo hivyo, umeifunga."

"Nimeifunga."

"Kwa hiyo unakwenda chuo."

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema nitauza vitumbua, nitalima, nitakaa na mama. Lakini barua ilikuwa ndani ya Biblia yangu, na ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki. "Nakwenda," nikasema. "Jumanne."

Eliya alinigeukia.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, kaka."

"Mimi sikuogopa hata kidogo," akasema. "Niliimba njia nzima."